Wifi Yangu Remei na Dagaa Walio Hai

Wifi yangu Remei alizaliwa hapahapa Bramant, kijiji chetu cha pwani, akakulia hapahapa, akaolewa na mdogo wangu Feliu ambaye tangu utotoni hatoki majini, na mpaka anatimiza miaka sitini na sita hakuwahi kutia uso wake baharini. Miguu, sawa. Magoti, siku za joto la kuua mtu. Uso? Thubutu! Ukimuuliza anakwambia bahari inatazamwa kwa juu, ndani kuna wenyewe.

Na wala hakuwa mwoga. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumtoa mlevi kanisani kwa kumshika sikio, mbele ya bibi harusi na bwana harusi. Ila maisha yake yote alikuwa akikutana na bahari ikiwa imeshakufa. Alifanya kazi kwenye nyumba ya chumvi, ile iliyokuwa nyuma ya bandari, na kazi yake ilikuwa dagaa. Unamshika dagaa kwa mkono wa kushoto, unambana shingo kwa kidole gumba cha kulia, unavuta, kichwa kinatoka na utumbo wote, unamlaza kwenye pipa. Safu ya dagaa, safu ya chumvi, safu ya dagaa, safu ya chumvi. Mikono yake mpaka leo ina nyufa ambazo hakuna mafuta yanayozifuta. Ukimpa mkono kanisani unadhani umeshika gome la mti.

Wanawake wa nyumba ya chumvi walikuwa wakiimba. Usidhani ni kwa furaha. Ukipasua dagaa tangu asubuhi bila kuinua kichwa, jioni shingo haigeuki, unarudi nyumbani unatazama viatu vyako. Kwa hiyo ubeti waliuimba wameinama, na kiitikio kikifika wote wanainua vichwa, wananyoosha migongo, wanatazama dirishani, wanavuta pumzi, halafu wanainama tena. Mwanzishaji wa nyimbo alikuwa Remei. Sauti anayo, na hapa sitii chumvi.

Mimi naitwa Eulàlia, Lali kwa wanaonijua, na Padri kwa wanaonichokoza. Nina kibanda ufukweni. Nakaanga dagaa, nauza mvinyo na mkate uliopakwa nyanya, na kwenye misumari ya ukutani nimetundika miwani ya kuogelea, mirija ya kupumulia na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, kwa ajili ya wanaotaka kuelea na kutazama chini. Jina la Padri nimelipata kwa sababu hakuna anayeondoka na miwani yangu kabla hajasikia mahubiri. Mnakwenda wawili, hata kama umegombana na dunia nzima. Kila mtu anafunga kiunoni boya lake la rangi ya chungwa. Maji yakiingia kwenye mrija unapuliza mara moja kwa nguvu, fuu, kama unayeamsha moto, hupigi mayowe. Ukichoka unalala kifudifudi, unapumua taratibu, unainua mkono. Na kila baada ya muda unainua kichwa unatafuta kibanda changu, usipokiona ujue umeshafanya ujinga. Wananicheka. Wacha wacheke, wote wanarudi wakitembea kwa miguu yao.

Nyumba ya chumvi ilipofungwa, daktari akamwambia Remei awe anatembea ndani ya maji kwa ajili ya nyonga. Basi akawa anakuja kila asubuhi. Anaingia mpaka kiunoni, anatembea huku na huku mbele ya kibanda changu, kofia ya jua kichwani, mikono kifuani, utadhani anakagua shamba. Nami sikumwacha apumue.

“Wifi, bahari haiumi.”

“Nani kasema inauma? Nimesema sina ninachokitafuta.”

“Watu wanatoka huko mbali kuja kutazama hapo unapokanyaga.”

“Kwa sababu kwao hawana kazi. Chini ni chini, Lali. Mawe na mchanga.”

“Tia kichwa basi, uyaone hayo mawe.”

“Wewe unataka nilowe nywele tu, nakujua.”

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikachomoa miwani msumarini, nikaingia majini na aproni yangu, nikamvua kofia, nikamvisha miwani kwa lazima kama mtoto anavyovishwa sweta. “Uma huo mrija,” nikamwambia. “Inama. Ukiona mawe tu, nitafunga huu mdomo wangu mpaka Krismasi.”

“Kwa hilo nitainama,” akasema.

Mwanzo kimya. Halafu ikatoka kwenye mrija sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, kama tarumbeta iliyokaliwa na mtu. Akasimama wima, maji yanamtoka puani, anakohoa, amenikaba mkono kwa yale magome yake.

“Lali! Nani kawaweka humu?”

“Kawaweka nani?”

“Hawa!”

Na kabla sijajibu akainama tena. Nilijua anachokitazama. Pale pale alipokuwa akikanyaga kila siku kuna majani ya bahari marefu, yanainama yote kwa pamoja na kuinuka yote kwa pamoja, na humo ndani kuna samaki wenye mistari ya dhahabu wanaolisha taratibu kama mbuzi, na juu yao mwanga wa jua unatambaa na kukatika na kujiunga. Mimi nimeviona vitu hivyo tangu niko mtoto, kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kuvishangaa. Lakini nimesimama pale na aproni imelowa, natazama mgongo wa mwanamke mzima ukitetemeka, nikasisimka mwili mzima kana kwamba ni mimi ninayeona kwa mara ya kwanza.

Alipoinuka alikuwa analia ndani ya miwani. “Miaka yote hii,” akasema. “Wanaishi hivi? Hapa? Mbele ya nyumba yangu?” Akafanya ishara ya msalaba, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko.

Kuanzia siku hiyo hakushikika. Alinunua miwani yake mwenyewe, akanunua suti ya mpira nyeusi ambayo kuivaa ni vita, mimi navuta huku, Feliu anavuta kule, yeye katikati anatutukana sote. Alijifunza kupuliza mrija, alijifunza kupiga mapezi polepole kutoka kwenye nyonga. Tatizo lake lilikuwa moja tu: akitazama chini anasahau kwamba kuna juu. Unamwona anasogea, anasogea, boya linamfuata, kichwa hakiinuki. Nilimkemea mpaka koo likakauka. Mwisho nikamwambia, “Wifi, kule kwenye chumvi si mlikuwa mkiimba? Imba humo kwenye mrija. Kiitikio kikifika inua kichwa kama zamani.”

Ikawa dawa. Anaimba kwa pua, mmm, mmm, na mrija unatoa mvumo unaofika mpaka kwenye meza zangu, wateja wanauliza nyuki wako wapi. Kiitikio kikifika kichwa juu, anatafuta kibanda, ananipungia mkono, kichwa chini, ubeti wa pili. Mwenzake majini alikuwa Feliu, na Feliu alilalamika kama kawaida yake. Yeye ni mtu wa kuwinda pweza, amezoea kuingia kimyakimya na kutoka na kitu mkononi.

“Kwa kelele zako pweza wote wamehamia Italia,” anamwambia mkewe.

“Waache wahame. Wamekujua tabia.”

“Na mimi nikihamia Italia?”

“Utarudi saa ya chakula.”

Sasa ngoja niseme habari ya upepo. Tramuntana ni upepo wetu, unashuka kutoka milimani, unapita juu ya paa zetu na kuelekea baharini. Unasafisha anga, unakausha nguo mara moja, unaumiza vichwa. Mtu akianza kuongea mwenyewe barabarani tunasema kaguswa na tramuntana, tunaendelea na shughuli zetu. Tumeuzoea mno, na hapo ndipo ujinga wa watu wa Bramant ulipo. Sisi tunaogopa upepo wa mashariki, kwa sababu ule unaleta mawimbi mpaka mlangoni na kila mama anamwita mwanawe. Tramuntana inatokea mgongoni. Kilima kinaikinga ghuba, maji ya ufukweni yanalala, yanakuwa mafuta kwenye sahani, hata kokoto unaziona. Mtu wa hapa anatazama maji, anasema leo bahari imetulia. Kugeuka nyuma akatazame kilima, hilo hapana. Kumbe ule upepo umeshika kila kinachoelea na unakisukuma kwenda nje, taratibu, bila fujo, na nje ya rasi hakuna cha kukikinga tena.

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Wageni walishaondoka, waokoaji wa halmashauri walishashusha bendera zao na kwenda makwao. Asubuhi hakukuwa na upepo wowote. Remei na Feliu wakaingia wawili, kila mmoja na boya lake, kama mahubiri yanavyotaka. Mimi nikarudi kwenye mafuta yangu, na mvumo wa nyuki nikausikia ukielekea upande wa kulia wa ghuba, kwenye miamba.

Baadaye nikamwona Feliu amekaa kwenye kiti changu, taulo mabegani, anajimiminia kahawa yangu na kuitia konyaki yangu.

“Mkeo yuko wapi?”

“Bado anaimbia samaki. Mimi baridi imenipiga.”

“Umemwacha peke yake?”

“Dada, tazama maji yenyewe. Yamelala hivi, atapotelea wapi?”

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikatazama maji na kweli yamelala, sijawahi kuyaona yamelala hivyo. Na hapo kitambaa cha kivuli juu ya kibanda kikavimba na kujivuta, kikielekea baharini. Nikageuka kutazama kilima. Wingu lilikuwa limelala juu ya mgongo wa mlima kama shuka, refu, jeupe, halisogei, na chini yake miti yote imeinamia upande wetu. Mvumo wa nyuki haukuwepo.

“Feliu,” nikasema, “simama.”

Tukamwona kwa pamoja. Si yeye, boya lake. Lilikuwa nje ya yale maboya ya njano yanayoonyesha mwisho wa kuogelea, limeshapita mdomo wa ghuba, nukta ya chungwa pale ambapo bahari inabadilika rangi na vile tunavyoviita vikondoo, povu jeupe linalopeperushwa na upepo juu ya mawimbi, vilianza kukimbia kwenda zao.

Feliu akatupa kikombe. Akakimbia kuelekea majini bila mapezi, bila boya, bila akili, anaita jina la mkewe kama anayeita mtu aliye chumba cha pili. Nilimfikia maji yakiwa magotini. Mimi nina mwili, yeye hana, nikamkamata mpira wa kaptula yake ya kuogelea kwa mikono miwili nikaegemea nyuma.

“Niache, Lali!”

“Nikuache uende wapi? Una miaka sabini, umetoka kutetemeka sasa hivi!”

“Ni mke wangu!”

“Na ni wifi yangu! Ukienda nitakuwa na watu wawili wa kuwaonyesha, na mkono wa kuonyeshea ninao mmoja! Piga simu, mpumbavu wewe! Piga namba ya dharura, halafu umpigie Narcís bandarini. Mwambie atoe mashua sasa hivi, asivae hata viatu!”

Akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwenye uso wa mdogo wangu. Kisha akakimbilia simu. Nami nikapanda kwenye mwamba ulio mwisho wa ufukwe, na aproni yangu nyeupe, nikanyoosha mkono wa kulia kuelekea lile boya, nikakaa hivyo.

Hili nalo limo kwenye mahubiri yangu ila halina mtu anayelisikiliza. Mtu akichukuliwa na maji, mmoja aliye nchi kavu asimame, amwonyeshe kwa mkono, na asiondoe macho. Asigeuke kusema, asifute pua, asitafute miwani yake. Kichwa cha mtu kwenye vikondoo ni kitu kidogo mno. Ukikipoteza kwa kupepesa tu, bahari nzima inafanana.

Nikwambie ukweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Upepo ulinipiga mgongoni ukanisukuma ukingoni, nikatanua miguu. Boya linaonekana, halionekani. Linaonekana. Halionekani, na moyo unasimama, na mkono nauacha palepale liliponipotea, nasema Mama wa Mungu, lirudishe, na linarudi, dogo zaidi. Machozi ya upepo yananijaa na siwezi kuyafuta. Mbele yangu bahari ilikuwa kubwa na ya buluu iliyokolea, inang'aa, hakuna wingu hata moja juu yake, nzuri sana, Mungu anisamehe, nzuri kupita siku zote nilizowahi kuiona. Nami nilikuwa kitu kidogo juu yake, kilichoshika kitu kidogo zaidi kwa ncha ya kidole.

Nyuma yangu Feliu alikuwa anapiga kelele kwenye simu. “Narcís anasema ameshatoka bandarini! Anasema haoni kitu! Anauliza, wapi?”

“Mwambie asitazame maji! Atazame mkono wangu!”

“Unasema nini?”

“Mkono wangu! Aje mpaka mbele ya mwamba, anitazame mimi, halafu afuate mkono!”

Mashua ikatokeza kwenye kona ya rasi, inaruka, pua juu pua chini. Narcís ni mvuvi wa pweza, mtu mzito wa kusema, mwepesi wa kufanya. Alikuja mpaka akaniona, akasimama sawasawa na kidole changu, akageuza usukani na kwenda mbio nje kwa mstari ule, upepo nyuma yake. Nilimwona akikaribia. Nilimwona akilipita boya. Nikapiga ukelele ambao hakuna aliyeusikia. Akageuka, akarudi polepole, akazima injini, akainama ubavuni.

Mengine alitusimulia Narcís mwenyewe. Alimkuta amelala kifudifudi, boya amelikumbatia chini ya kifua, miguu haitikisiki, uso ndani ya maji. Akajua amechelewa. Akavua kofia yake, kweli kabisa, aliivua na akaanza kusali. Kisha akachukua ule mti wenye ndoano wa kuvutia mitego, akamgusa mgongoni. Na yule maiti akainua mkono mmoja juu ya maji akatikisa kidole, ngoja, ngoja kidogo.

“Nilitaka kumwacha huko huko,” anasema Narcís. “Kwa jinsi alivyonitisha.”

Walipofika ufukweni midomo yake ilikuwa ya buluu na meno yanagongana. Tulimvika vitambaa vyote vya mezani nilivyokuwa navyo. Feliu alipiga magoti akamvua mapezi. Remei aliongea mfululizo, kama mtu aliyetoka kwenye ndoto anayeogopa itamponyoka.

“Nilikuwa kwenye ubeti,” akasema. “Nikaona chini kitu kama moshi wa fedha. Nikadhani ni macho yangu. Ule moshi ukageuka wote mara moja, nikaona ni dagaa. Dagaa wangu, Lali! Hai! Wana mgongo wa kijani, ulijua? Kijani, halafu buluu, halafu fedha. Mimi nilidhani ni wa kijivu. Midomo wazi, wanaogelea na midomo wazi, na hakuna hata mmoja anayemgusa mwenzake. Mimi niliyewabana kwenye mapipa ubavu kwa ubavu miaka yote. Walikuwa wengi mpaka sikuona mwisho wao, mbele hakuna mwisho, chini hakuna mwisho. Nikanyamaza. Ningeimbaje? Nikawafuata.”

“Ukasahau kuinua kichwa,” nikasema.

“Nilisahau kama nina kichwa.”

Akanywa kahawa, nusu ikamwagika kidevuni. Akasema alipokuja kuinua kichwa, kibanda hakikuwepo. Ufukwe ulikuwa uzi mweupe na boya lilikuwa mbele yake, upepo umelishika, linamvuta kama mbwa anavyomvuta bwana wake. Akapiga mapezi kurudi. Alipiga kwa nguvu zake zote, akichagua jabali moja la kupimia, na lile jabali likakaa palepale, kisha likaanza kusogea mbali. Hapo alilia. Alilia mpaka miwani ikajaa, na akaanza kupumua kwa pupa, na maji yakaingia mdomoni.

“Nikakusikia wewe,” akaniambia. “Fuu, mara moja, usipige mayowe. Nikapuliza. Nikalivuta boya chini ya kifua upepo usilione. Nikatazama pwani mara moja tu, nikaona juu ya mwamba kitu cheupe kimenyoosha mkono. Sikujua ni nani. Nikasema, basi, naonekana. Sasa kazi yangu ni kupumua tu. Nikarudisha uso majini, kwa sababu nikitazama pwani nitapiga miguu, na nikipiga miguu nitakwisha.”

“Na huko chini?” akauliza Narcís. “Kule ni kilindi, mama. Hakuna cha kuona.”

Remei akamtazama kwa macho makubwa. “Walikuwa bado wako chini yangu. Na jua linaingia kwa nguzo, nguzo, nguzo, zinashuka mpaka pasipo na mahali. Halafu kutoka huko gizani wakapanda jodari. Wakubwa kuliko mimi! Dagaa wakafunguka kama pazia, jodari wakapita katikati, karibu hivi, mmoja akanitazama kwa jicho lake, na dagaa wakajifunga tena. Sikuogopa. Sijui kwa nini. Nilijiona ni kitu kimoja kati ya vitu. Ndipo huyu akaja kunichoma na ndoano.”

Hakuna aliyecheka. Narcís alikuwa bado ameshika kofia yake mkononi. Upepo ulipiga kelele kwenye paa la kibanda, nasi tulikaa tukitazama bahari, watu wazima wanne waliozaliwa mbele ya maji yale, kana kwamba tumehamia jana.

Remei ndiye aliyegundua. “Wifi,” akasema, “mkono wako.”

Ulikuwa bado umenyooka. Nilikuwa nimeshuka kwenye mwamba, nimemvika vitambaa kwa mkono wa kushoto, nimemimina kahawa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia umeelekea baharini. Nilijaribu kuushusha ukakataa. Mimi si mtu wa kulia, waulize watu. Siku ile nililia kwa sauti mbele ya Narcís anayeniuzia samaki, na Feliu akainuka, akanishika bega kwa mkono mmoja na kiwiko kwa mwingine, akaukunja polepole mpaka ukafika kifuani kwangu. Hatukuombana radhi.

Kisha Feliu akamgeukia mkewe, na maneno ya kwanza aliyomwambia yalikuwa ya kijinga, kwa sababu alikuwa na hofu. “Hutaingia tena. Umenisikia, Remei? Sikuruhusu. Hutaingia tena majini.”

Remei aliweka kikombe chini. Hakuinua sauti.

“Leo si kwamba uliniruhusu, Feliu,” akasema. “Leo uliniacha.”

Feliu akajibiwa hapo. Uso wake ulizeeka nikiutazama.

Tramuntana ilivuma siku kadhaa, na siku hizo zote Feliu hakuja kibandani, hakuwinda, hakulalamika, jambo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Upepo ulipokufa kabisa, na nilipokwisha tazama kilima mara nyingi kuliko haja, nikawaona wanateremka wote wawili. Feliu alikuwa amevaa suti ya mpira ya kuazima, imembana kila mahali, yeye ambaye maisha yake yote alisema suti ni za Wafaransa. Hakubeba mkuki. Walifunga maboya yao wakaingia.

Maji yalikuwa yameshakuwa ya baridi kali. Nilikaa nje na sufuria langu la dagaa, sikukaanga hata mmoja, nawatazama tu wakizunguka juu ya majani ya bahari, polepole, bega kwa bega. Nikamwona mdogo wangu akianza kutetemeka. Namjua, yeye baridi humwanza mabegani. Nikasubiri atoke, maana hajawahi kuvumilia baridi tangu alipokuwa mtoto. Hakutoka. Nikasimama nikamwita, “Feliu! We Feliu! Utakufa, toka!”

Akainua kichwa, midomo ya buluu. Akamtazama Remei, ambaye alikuwa bado uso ndani, hana habari na dunia. Akanitikisia kichwa kwamba hapana, akauma mrija wake, akainama tena kando yake. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kamba ya boya la mkewe.